Pikapu mpya, gereji haioni tatizo, na mke wangu hajui

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimeahirisha kuandika barua hii kwa wiki kadhaa, kwa sababu niliona haya kumsumbua mtu anayeshughulikia mambo ya familia kwa habari za injini, lakini kadiri siku zinavyokwenda nazidi kuona kwamba kinachoninyima usingizi si injini peke yake.

Miezi saba iliyopita nilinunua pikapu mpya ya dizeli, yenye safu mbili za viti, kutoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kiwanda. Ni gari langu la kwanza jipya. Kwa miaka 19 nimeendesha magari yaliyokwisha kutumiwa na wengine, nikavumilia milio yake na uvujaji wake, na nilijiahidi kwamba iko siku nitafungua mlango wa gari ambalo halijapitia mkono wa mtu. Mimi ni seremala, kwa hiyo hulitumia kubebea mbao na vifaa, na asubuhi huwapeleka watoto shuleni, safari isiyozidi kilomita nne. Mke wangu alipinga tangu mwanzo. Alitaka tununue iliyotumika kwa fedha taslimu, tusiingie kwenye mkopo. Nilimshawishi kwa hoja moja tu, kwamba gari jipya halitatusumbua, na mwishowe alitoa nusu ya malipo ya awali kutoka kwenye akiba yake mwenyewe.

Tatizo la kwanza lilitokea gari likiwa limetembea kilomita 2,300. Nilikuwa nimepakia mbao, napanda mlima mrefu, na baada ya kama dakika 40 za safari injini ikaishiwa nguvu ghafla. Taa ya injini ikawaka, na hata nilipokanyaga mafuta mpaka chini, mshale wa mizunguko haukuvuka 2,500. Magari ya nyuma yakanipigia honi. Nikasogea pembeni, nikazima, nikasubiri kidogo, nikawasha, na gari likaondoka kana kwamba halikuwa na lolote. Tangu siku hiyo limenifanyia hivyo mara tisa, karibu zote likiwa na mzigo na likipanda.

Si hilo tu. Asubuhi za baridi injini inamisi kwa dakika moja au mbili na kutoa moshi mweupe. Tena kila baada ya siku chache, nikiwa nimesimama, mizunguko ya injini hupanda yenyewe, feni hunguruma, na harufu ya kitu kinachoungua hutoka chini ya gari. Nikiisikia harufu hiyo huzima injini mara moja kwa kuogopa moto. Kitu pekee kinachonifariji ni oili. Kila Jumapili huipima kwa kijiti, na badala ya kupungua naiona inapanda kidogo kidogo, kwa hiyo angalau najua kwamba injini haili oili.

Nimelirudisha kwa muuzaji mara nne. Mara ya kwanza walifuta hitilafu kwenye kompyuta, wakanirudishia ufunguo bila karatasi yoyote. Mara ya pili waliweka programu mpya ya injini, na siku hiyo pia sikupewa karatasi. Mara ya tatu walibadilisha sensa moja, na kwenye karatasi niliona maandishi P0299, ambayo hakuna aliyenieleza maana yake. Mara ya nne walikaa nalo siku sita, kisha mpokeaji wa wateja akaniambia kwamba wameliendesha na hawakuona tatizo. Niliondoka pale nikijiona kama mtu aliyeshikwa akidanganya.

Sasa nina njia tatu mbele yangu na kila moja inanitisha. Fundi wangu wa siku nyingi, ambaye sijawahi kumtilia shaka, anasema ugonjwa wote unatokana na chujio la masizi kwenye ekzosi. Yuko tayari kulitoa na kubadilisha programu ya injini ili isilitafute tena. Rafiki wa kaka yangu analitaka gari hili na ana fedha mkononi. Hajui lolote, na gari ukiliona linapendeza. Njia ya tatu ni kuendelea kwenda kwa muuzaji ambaye haniamini, huku mkopo ukiendelea kulipwa kila mwezi.

Mke wangu hajui chochote. Kila gari linapokwenda gereji humwambia linakwenda sevisi. Jumamosi huliendesha yeye kwenda kumwona mama yake, kwa njia ile ile ya mlimani, na akirudi hulisifia mbele ya watoto. Nikifikiria kumwambia, nasikia kabla hajafungua mdomo maneno atakayosema. Nifanye nini?

Seremala asiyelala

*

Ndugu yangu Seremala,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na hukukosea anwani. Gari la kazi likiyumba, riziki ya nyumba huyumba nalo, na aliyelichagua hubeba lawama hata kabla hajalaumiwa na mtu.

Kama nimekuelewa, ulinunua gari jipya ili usumbufu uishe, ukapata usumbufu ambao hata waliopaswa kuumaliza hawakubali kwamba upo, na sasa unachagua kati ya kulikata gari, kumpa mwingine tatizo lako, au kurudi mahali ulikovunjiwa heshima. Na haya yote unayafanya peke yako, kwa sababu mtu ambaye ungemshirikisha ndiye uliyemwahidi kwamba hayatatokea. Nitasema habari za injini kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona baadhi ya mambo unayoyachukulia kuwa ya hakika huenda siyo, na ukiyatazama upya zile njia tatu zinaweza kubadilika sura.

Niruhusu nianze na ile kauli ya mara ya nne, kwa kuwa nadhani ndiyo iliyokuumiza kuliko honi za pale mlimani. Umeisikia kama hukumu juu ya ukweli wako. Inawezekana aliyeitamka alikusudia hivyo, nami siwezi kumsemea. Lakini inawezekana pia kwamba alisema jambo dogo zaidi: kwamba kwa siku zile sita, pengine likiwa tupu na kwenye barabara za jirani na gereji, gari halikuonyesha hitilafu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba tatizo huja likiwa na mzigo, likipanda, baada ya dakika 40. Je, fundi aliyelishika gari aliambiwa hivyo, au mpokeaji aliandika tu kwamba mteja analalamika gari halina nguvu? Hitilafu inayokuja na kuondoka haikamatwi na mtu asiyejua mahali inapokaa. Ndiyo sababu nisingekushauri uombe “wakague tena.” Ningependa uombe fundi apande nawe, gari likiwa na mbao zake, mpaka kwenye mlima ule, na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kikiwa kimechomekwa kikirekodi safari nzima. Ni ombi la saa mbili, na ni zito kulikataa kwa maandishi.

Sasa zile herufi na namba. P0299 maana yake ni kwamba shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo liko chini ya kile ambacho kompyuta ya injini iliomba. Hapo kompyuta hupunguza nguvu kwa makusudi ili kuilinda injini, na hii inafanana sana na mshale wako kugoma kuvuka 2,500, na pia na gari kupona ukizima na kuwasha. Lakini msimbo huo hautaji kifaa kilichoharibika. Unataja matokeo. Chanzo kinaweza kuwa bomba la mpira lenye ufa mdogo unaopanuka hewa ikisukumwa kwa nguvu, au kibano kilicholegea kwenye kipoza hewa, au mabawa ya turbo yanayokwama, au mkono unaoyasukuma, au waya uliochunika mahali unapogusa chuma, au kweli sensa. Walibadilisha sensa na tatizo likarudi. Hilo halithibitishi kwamba wanakudanganya, ila linathibitisha kwamba sensa, kama ilikuwa mbovu, haikuwa peke yake. Una haki ya kuuliza kama waliujaribu mfumo wa hewa kwa shinikizo ili kutafuta uvujaji, na jibu waliandike.

Jambo la pili linalonifanya nisite ni kwamba umeweka dalili zote katika kapu moja na kuziita ugonjwa mmoja. Kupungua nguvu mlimani ni hitilafu, sina shaka. Kumisi kwa asubuhi na moshi mweupe ni jambo jingine: linaweza kutoka kwenye plagi za kupashia moto, au kwenye nozeli, na linataka gari lilale gereji ili liwashwe na fundi mwenyewe asubuhi likiwa baridi, maana mchana halitaonekana. Wakati huo wapime pia maji ya rejeta kama yanapungua. Lakini ile ya tatu, ya mizunguko kupanda yenyewe, feni kunguruma na harufu ya kuungua, ina dalili zote za gari kufanya kazi yake ipasavyo.

Chujio la masizi analolisema fundi wako hukusanya masizi ya dizeli, na likianza kujaa kompyuta hulisafisha kwa kuyachoma. Ili yaungue, joto ndani ya chujio hupandishwa hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi, kwa kunyunyiza dizeli ya ziada kwenye injini ili ikaungulie huko kwenye ekzosi. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, mara nyingi kati ya 10 na 20, na inahitaji injini iendelee kufanya kazi. Safari ya kilomita nne kwenda shuleni haitoshi. Na wewe, kwa woga ambao ningekuwa nao mimi pia kama hakuna aliyenieleza, umekuwa ukizima injini kila harufu ilipotokea, yaani umelikatisha zoezi hilo likiwa katikati, labda mara nyingi ndani ya miezi saba. Silisemi hili nikuongezee mzigo wa lawama. Ni kazi ya anayeuza gari la namna hii kumweleza mnunuzi habari hiyo, na barua yako haionyeshi kwamba ulielezwa.

Kutoka hapo nafika kwenye oili, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Umeandika kwamba unafarijika kuiona inapanda. Oili haizai, ndugu yangu. Ikipanda kwenye kijiti bila wewe kuiongeza, kuna kitu kimeingia ndani yake, na kwa gari lenye chujio la namna hii linalokatishwa usafishaji mara kwa mara, kinachoshukiwa kwanza ni ile dizeli ya ziada, ambayo sehemu yake hushuka kupitia kando za pistoni na kuchanganyika na oili. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, na haizilindi beringi za injini wala za turbo kama inavyotakiwa. Ikipita sana alama ya juu, inaweza hata kuvutwa na kuungua ndani ya injini bila dereva kuweza kuizuia kwa ufunguo. Katika mambo mengine yote nitakuachia uamuzi, lakini kwa hili sitakuficha ninavyoona: kama imevuka alama ya juu, gari lisiwashwe mpaka oili ibadilishwe na sampuli ya ile ya zamani ihifadhiwe kwenye chupa safi yenye tarehe. Piga picha kijiti kabla. Ushahidi huo hauletwi na malalamiko yako tu, unapimika.

Sasa tuzitazame zile njia zako.

Fundi wako wa siku nyingi namheshimu, kwa sababu watu wa namna yake ndio walioyabeba magari yako yote ya zamani. Hata hivyo, anachopendekeza kinafunga milango kadhaa kwa wakati mmoja. Chujio likitolewa na programu ikibadilishwa, muuzaji atakuwa na sababu anayoitafuta ya kukataa dhamana, tena kwa haki. Katika nchi nyingi ni kosa kisheria. Uingereza, kwa mfano, tangu Februari 2014 gari lililotoka kiwandani na chujio hilo hushindwa ukaguzi wa kila mwaka likikutwa halina. Halafu kuna watoto unaowapeleka shuleni: Shirika la Afya Duniani, kupitia chombo chake cha utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na chujio lile lipo ili masizi hayo yasiwafikie watu. Na hata tukiyaacha yote hayo, bado najiuliza jambo moja la kiufundi. Kama hewa inavuja kabla ya kufika kwenye injini, dizeli haipati hewa ya kutosha, moshi unakuwa mzito, na chujio linajaa haraka. Kulitoa kutaondoa mahali ambapo tatizo linaonekana, huku uvujaji ukibaki pale pale. Je, umewahi kumwonyesha ile karatasi ya P0299, au alitoa ushauri kwa kusikia tu?

Lakini fundi huyo si wa kuachwa nje. Kuna tofauti kubwa kati ya kufungua na kutazama. Magari mapya karibu yote yana tundu la pini 16 chini ya dashibodi, na yeye anaweza kuchomeka kifaa chake akasoma kilichohifadhiwa bila kugusa nati hata moja. Kompyuta ikiona hitilafu huhifadhi pia hali ilivyokuwa dakika ile: kasi, mizunguko, joto, uzito wa mguu kwenye mafuta. Muombe asome, apige picha, na asifute. Kila hitilafu inapofutwa, na nakumbuka kwamba ndivyo walivyofanya siku ya kwanza, ile picha ya tukio hupotea nayo. Asijaribu kulegeza mabomba ya dizeli yenyewe. Kwenye injini za sasa shinikizo humo linaweza kuvuka bar 2,000, na dizeli ya nguvu hiyo hupenya ngozi ya mtu.

Kuhusu kurudi kwa muuzaji, umeiandika njia hii kana kwamba ni kurudia yale yale. Nadhani inaweza kuwa tofauti kabisa ukienda na daftari na barua badala ya kwenda na hasira peke yake. Daftari liwe na tarehe ya kila tukio, kilomita, mzigo, mlima au tambarare, taa iliyowaka na picha yake. Barua itaje mara zote nne, iombe nakala ya kumbukumbu zote za matengenezo kwa namba ya chesi, pamoja na zile mbili ambazo hukupewa karatasi, na iombe jibu ndani ya muda unaoutaja. Nakala nyingine ipeleke kwa kiwanda au mwakilishi wake, maana dhamana kwa kawaida ni ahadi ya kiwanda, na muuzaji ni mtekelezaji tu.

Sababu ya kusisitiza karatasi ni kwamba sheria, pale zilipo, huhesabu. Marekani ina sheria ya shirikisho ya dhamana tangu 1975, na majimbo yake, kuanzia Connecticut mwaka 1982, yalitunga sheria za magari mapya yasiyotengenezeka. Nyingi hutazama ni mara ngapi kasoro ile ile imejaribiwa kutengenezwa, au ni siku ngapi gari limelala gereji. Uingereza, sheria ya haki za walaji ya 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro, na baada ya hapo humruhusu kulikataa ikiwa jaribio moja la kulitengeneza limeshindwa. Ya nchi yako huenda ni tofauti, na mtu wa kukueleza ni mwanasheria au ofisi ya kulinda walaji iliyo karibu nawe. Muulize pia swali ambalo wengi hulisahau: je, mkataba umeandikwa kwa jina lako au la biashara yako? Ulinzi wa mnunuzi wa kawaida mara nyingi haumfikii anayenunua kwa ajili ya biashara, na wewe una mbao nyuma na watoto mbele.

Njia hii ina hatari zake. Inachosha. Inaweza kuchukua miezi, huku mkopo hausubiri. Na tafadhali usiache kuulipa kwa kudhani kwamba utamkomoa muuzaji, kwa maana benki itakudai wewe. Kwa upande mwingine, itakubidi ukubali waone na upande wako, yaani zile safari fupi na ule usafishaji uliokatishwa. Wanaweza kujaribu kukuangushia lawama yote. Lakini tatizo lako la mlimani lilianza kilomita 2,300, na hapo ndipo kumbukumbu ya ile mara ya kwanza inapokuwa na thamani kuliko zote. Ndiyo maana ukosefu wa karatasi ile unanisumbua.

Na rafiki wa kaka yako? Naona kwamba hukuuliza kama ni halali kumuuzia. Uliandika tu kwamba “hajui lolote,” na nadhani uliandika hivyo kwa sababu maneno hayo yanakukera wewe mwenyewe. Akilinunua, naye siku moja atapakia mzigo. Sheria za nchi nyingi humruhusu mnunuzi kumfuata muuzaji aliyeficha kasoro anayoijua, na safari hii aliyeficha atakuwa na karatasi za gereji zenye jina lake. Kuuza siyo kosa. Unaweza kumweleza kila kitu, ukampa daftari, ukakubali bei iliyoshuka, na kama dhamana inahamishika, mtu mwenye muda na moyo wa kudai anaweza bado kulitaka. Hasara hiyo itaonekana kwenye fedha, na itabidi uipime na mwenye nusu ya malipo ya awali.

Ndiyo, nimefika kwa mkeo. Umesema unayasikia maneno yake kabla hajayasema. Inawezekana atasema hasa hayo unayoyahofia, na yatauma. Lakini hoja yake ya mwanzo, kwa jinsi ulivyoieleza, ilikuwa mkopo. Aliyesema kwamba gari jipya halitasumbua ni wewe. Huenda kinachokutisha ni kuisikia ahadi yako mwenyewe zaidi ya kuzisikia lawama zake. Mtu anaweza kukosea kuhusu gari bila kuwa mwongo. Ila kila safari ya “sevisi” inasogeza jambo kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, na bado hujafika mbali.

Kuna pia jambo ambalo haliwezi kusubiri ujasiri. Umeandika, kwa kupita, kwamba Jumamosi yeye ndiye huliendesha kwa njia ile ile ya mlimani. Wewe unajua kwamba nguvu zinaweza kukatika, unajua pa kusogea, unajua kuzima na kuwasha. Yeye hajui. Ikimtokea akiwa analipita lori, hatakuwa na maelezo yoyote kichwani. Sikuambii lini umweleze wala kwa maneno gani, kwa sababu wewe ndiye unayemjua. Nakuuliza tu kama unaweza kuiacha Jumamosi ijayo ifike bila yeye kujua.

Nina na wazo jingine, ambalo ni dhana tupu. Gari limekufanyia hivyo mara tisa. Yeye amelipitisha mlimani wiki baada ya wiki, na akirudi hulisifia mbele ya watoto. Huenda halijawahi kumtokea, kwa sababu halina mzigo. Huenda pia lilimtokea, akaona jinsi unavyolipenda, akanyamaza kama wewe ulivyonyamaza. Basi ukishamweleza yako yote, muulize yake, na akikwambia tarehe, iandike kwenye daftari pamoja na zile tisa.

Mshauri wako